Nilifuta msimbo usiotumika, kumbe unatumika

Majuma haya nimekuwa nikisafisha mfumo mmoja wa zamani, na kazi hiyo imenikumbusha kosa nililolifanya miaka kadhaa iliyopita, kosa ambalo sijawahi kuliandika popote. Leo nimeona nilitoe moyoni. Kuna vijana wanaoniuliza kila mara: "Kaka, nikikuta msimbo ambao hautumiki, niufute au niuache?" Jibu langu ni ufute. Lakini ngojeni kwanza niwasimulie nilivyofuta wangu.

Kwa wale ambao si watu wa kutunga programu, nianze na maelezo kidogo. Msimbo ni yale maagizo tunayoiandikia kompyuta. Maagizo hayo tunayapanga katika vipande, kila kipande na jina lake na kazi yake, na kipande kama hicho tunakiita fanksheni. Fanksheni moja huita nyingine: ya kutoa taarifa ya akaunti huita ya kujumlisha akiba, ya kujumlisha akiba huita ya kusoma hifadhidata, na kadhalika. Fanksheni ambayo haiitwi na yeyote ni msimbo mfu. Ipo, inachukua nafasi, inasomwa na kila mgeni anayejaribu kuuelewa mfumo, lakini haifanyi kazi yoyote.

Fikirieni nyumba ya kupanga iliyopitia mikononi mwa mafundi kumi wa umeme. Kila fundi alivuta waya zake, na hakuna aliyeondoa za aliyemtangulia. Ukibomoa ukuta leo utakuta waya ishirini, na labda tano tu ndizo zenye umeme. Ni zipi? Huwezi kujua kwa kuzitazama. Ndivyo zilivyo programu kubwa. Mteja anaomba kitu, kinaandikwa, baadaye anabadili nia, na mtu anaandika kingine pembeni bila kuondoa kile cha kwanza kwa sababu anaogopa. Rudia hivyo kwa miaka kumi.

Mwaka 2017 niliajiriwa na kampuni ndogo hapa Nairobi iliyokuwa ikitunza mfumo wa chama kimoja cha akiba na mikopo, yaani sacco, ya wakulima wa majani chai. Sitaitaja kampuni wala sacco. Mfumo uliandikwa kwa PHP na ulikuwa na mistari kama 214,000. Aliyeuanzisha alikuwa ameshaondoka zamani, na historia yake katika Git ilianza na badiliko moja kubwa lenye maelezo "kupakia faili zote". Kabla ya hapo, giza. Bosi aliniita akaniambia, "Kila kitu kidogo tunachoombwa kinachukua wiki tatu. Tafuta kinachotuchelewesha." Nikatafuta, nikakuta kwamba tulichokuwa tukifanya wiki nzima ni kusoma msimbo ambao haukuwa na kazi. Kulikuwa na njia tatu za kukokotoa riba, na mbili kati yake zilikuwa zimekufa. Siku moja nilirekebisha hitilafu kwa siku nzima katika fanksheni ambayo, niligundua jioni, haikuwa ikiitwa na chochote. Fikiria! Nimemtibu maiti tangu asubuhi.

Basi nikaomba ruhusa ya kufuta, nikapewa.

Sasa, msimbo mfu hutafutwa vipi? Njia ya kwanza ni kuusoma bila kuuendesha. Unaanza na milango ya mfumo, zile kurasa ambazo mtumiaji anazifungua, halafu unafuata nani anamwita nani, na huyo anamwita nani, mpaka mwisho. Usichokifikia ni mshukiwa. Lugha nyingine zinakusaidia zenyewe. Lugha ya Go hukataa kabisa kutengeneza programu yako ukiacha kigeugeu cha ndani kisichotumika. Wenye Python wana chombo kiitwacho Vulture, jina la ndege tai mla mizoga, ambacho kinakuorodheshea washukiwa na hata kukupa asilimia ya uhakika wake.

Mfano mzuri wa kazi hii ninaoujua ni LibreOffice. Mnakumbuka Jambo OpenOffice, ile programu ya ofisi kwa Kiswahili iliyotolewa mwaka 2004 na mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam? Ilijengwa juu ya OpenOffice.org. Na OpenOffice.org yenyewe ilitokana na StarOffice, programu ya kampuni ya Kijerumani iliyoanza miaka ya 1980 na kununuliwa na Sun mwaka 1999. Kwa hiyo wale waliojitenga mwaka 2010 na kuanzisha LibreOffice walirithi mamilioni ya mistari, yenye maelezo kwa Kijerumani ambayo wengi wao hawakuweza kuyasoma. Mmoja wao, Caolán McNamara, alikuwa na chombo alichokiita callcatcher, ambacho hutazama programu inavyotengenezwa na kutaja fanksheni zilizopo ambazo haziitwi. Matokeo yaliwekwa katika faili ndani ya mradi, na wageni waliotaka kujifunza wakaambiwa: chukua jina moja kwenye orodha, hakikisha, futa, tuletee. Maelfu ya fanksheni yaliondolewa hivyo, na watu wengi walianza kuujua mradi kwa kufuta kabla ya kuandika.

Mimi sikuwa na chombo cha maana kwa ile PHP ya zamani. Nilikuwa na grep, ambayo hutafuta neno ndani ya faili zote. Nikaandika programu fupi ya kuchukua jina la kila fanksheni na kuhesabu linatokea mara ngapi. Jina likitokea mara moja tu, pale linapotambulishwa, basi hakuna anayeliita. Nilipata fanksheni zaidi ya 900 za namna hiyo. Nilifurahi kama mtu aliyeokota pesa.

Lakini nilijua grep haitoshi, kwa hiyo nikaongeza njia ya pili. Ndani ya kila fanksheni iliyoshukiwa niliweka mstari mmoja: ukiitwa, andika jina lako na saa katika kumbukumbu za seva. Watunga programu huuita mstari kama huo jiwe la kaburi. Unaliweka jiwe, unasubiri, na ikiwa aliye chini yake bado anapumua utasikia. Nikayaacha mawe hayo kwa miezi mitatu, Agosti hadi Oktoba. Na kweli baadhi yalipiga kelele. Kwa mfano fanksheni iliyoitwa lipa_kujitoa, ambayo hulipa mwanachama anayejiondoa kwenye sacco. Grep ilisema haiitwi popote, jiwe likasema imeitwa mara 23. Nikaitoa kwenye orodha yangu, nikajipongeza kwa uangalifu wangu, nikaendelea.

Tafadhali ushikeni huo mstari wa lipa_kujitoa. Tutaurudia.

Mwezi wa Novemba nikafuta. Mistari 38,000 iliondoka kwa wiki mbili. Mfumo ukawa mwepesi kusoma, kazi za wiki tatu zikawa za wiki moja, na bosi akanunua nyama choma. Kuna hadithi maarufu ya Bill Atkinson wa kampuni ya Apple. Mwaka 1982 mameneja walitaka kila mtunga programu ajaze fomu kila wiki aeleze ameandika mistari mingapi. Atkinson alikuwa ametoka kuandika upya sehemu ya programu yake kwa njia bora na fupi zaidi, akajaza: kasoro 2,000. Baada ya muda wakaacha kumwomba fomu. Mimi nilijiona Atkinson wa Nairobi.

Simu ilikuja Jumatatu moja ya Januari 2018, saa nne asubuhi. Alikuwa mhasibu wa ile sacco, mama wa makamo aliyefanya kazi pale tangu vitabu vilipokuwa vya kuandikwa kwa mkono. Hakusalimia kwa kirefu kama kawaida yake.

"Kijana wangu, mfumo wenu unasema huyu mzee hakuacha hata shilingi moja."

"Mzee yupi, Mama?"

"Marehemu. Mkewe yuko hapa mbele yangu. Na mimi risiti za huyo mzee nimeziandika kwa mkono huu kabla hata hamjaleta hizo kompyuta zenu."

Nikafungua laptopu. Taarifa ya mwanachama ilikuwa pale, jina, namba, tarehe ya kujiunga, na chini kabisa: kiasi cha kulipwa, Sh 0.00. Hakuna ujumbe wa hitilafu wala rangi nyekundu. Sifuri tu, imepangwa vizuri upande wa kulia na nukta yake.

Akaniambia yaliyobaki. Yule mama hakuwa amekuja siku hiyo kwa mara ya kwanza. Alikuja Ijumaa. Mhasibu hakuwepo, na keshia kijana alimpigia taarifa hiyo chapa, akamwonyesha sifuri, akamwambia pole. Keshia hakukosea, alisoma kilichoandikwa. Yule mama akarudi nyumbani na karatasi hiyo. Wikendi nzima, wiki tatu baada ya mazishi, jamaa walikaa wakiulizana marehemu alipeleka wapi pesa zake. Walitajwa watu. Ilitajwa nyumba ya pili. Jumapili usiku mama akakumbuka mfuko wa plastiki juu ya kabati, akakuta risiti za miaka yote, akapanda matatu alfajiri.

Sasa niwaeleze kilichotokea ndani ya kompyuta, kwa sababu ndipo somo lilipo. Mwanachama akifariki, akiba yake hulipwa mrithi aliyemwandikisha. Hilo hutokea mara kwa mara, na fanksheni yake ilikuwa hai. Lakini huyu mzee alikuwa pia mdhamini wa mkopo wa jirani yake. Akiba yake ilikuwa Sh 312,400, na Sh 80,000 kati ya hizo zilikuwa zimeshikiliwa kama dhamana. Katika hali hiyo mfumo unatakiwa kulipa Sh 232,400 mara moja, na kushikilia zile 80,000 mpaka jirani apate mdhamini mwingine. Mdhamini kufa wakati mkopo aliousimamia bado haujalipwa, katika sacco yenye wanachama wasiofika 2,000, ni jambo la nadra. Baadaye nilihesabu kwenye hifadhidata: lilitokea mara nne katika miaka kumi na moja. Fanksheni ya kazi hiyo iliitwa lipa_mdhamini_marehemu. Grep ilisema haiitwi. Jiwe la kaburi lilikaa miezi mitatu bila sauti. Nikaifuta.

Na ilikuwa ikiitwaje basi? Hivi:

$kazi = 'lipa_' . $aina;
$kiasi = call_user_func($kazi, $mwanachama);

Mnaona? Jina la fanksheni halikuwa limeandikwa popote kwa ukamilifu. Lilikuwa likiungwa wakati programu inakwenda, nusu moja kutoka kwenye msimbo na nusu nyingine kutoka kwenye jedwali la hifadhidata. Huwezi kulikuta kwa kutafuta jina zima. Na PHP ya wakati ule, ukiiambia iite fanksheni isiyokuwepo kwa njia hiyo, haikusimama. Ilinong'ona onyo, ambalo sisi tulikuwa tumelizima lisionekane kwa watumiaji, ikarudisha utupu na kuendelea. Utupu ukapita kwenye fanksheni ya kupanga tarakimu, ukatoka umevaa nguo nadhifu: 0.00.

Nilirudisha fanksheni kutoka Git. Ilinichukua dakika arobaini, nyingi zake za kuelewa, chache za kurudisha. Kabla ya saa sita mhasibu alipiga chapa taarifa mpya, na yule mama akaondoka nayo. Hundi ilitoka wiki iliyofuata. Nilimwomba mhasibu aniruhusu nizungumze na mama kwa simu nimwombe msamaha, na akaniruhusu. Nilimwambia kosa lilikuwa langu, halikuwa la mumewe. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Hayo maneno yaandike kwenye karatasi, nikawasomee nyumbani." Nikaandika barua, nikaweka sahihi, ikatumwa kwa basi. Katika kazi yangu yote nimeandika mistari mingi sana, na sidhani kama kuna iliyokuwa na maana kuliko ile mitano.

Baada ya hapo niliapa sifuti kitu tena. Nadhani wengi wenu mngeapa hivyo. Nilikaa mwezi mzima nikipita kando ya msimbo mfu kama mtu anayepita makaburini usiku. Kilichonitoa huko ni kusoma upya habari ya Knight Capital, ambayo nilikuwa nikiijua juu juu tu. Acheni niwape kwa ufupi.

Knight Capital ilikuwa kampuni kubwa ya kununua na kuuza hisa nchini Marekani. Ndani ya programu yake kulikuwa na sehemu iliyoitwa Power Peg, ambayo waliacha kuitumia mwaka 2003 lakini hawakuifuta. Mwaka 2005 walihamisha mahali pengine kile kihesabio kilichoiambia Power Peg kwamba oda imetimia na iache kununua. Hakuna aliyejaribu kama Power Peg bado ingefanya kazi sawasawa, maana nani anajaribu kitu kisichotumika? Julai 2012 wakaandika msimbo mpya, na kuuwasha wakatumia swichi ileile iliyokuwa ya Power Peg. Msimbo mpya ulitakiwa kuwekwa kwenye seva nane. Uliwekwa kwenye saba.

Soko lilipofunguliwa tarehe 1 Agosti 2012, seva ya nane iliona swichi imewashwa, ikamwamsha maiti wa miaka tisa. Ikaanza kununua na kuuza bila kujua wakati wa kuacha. Wahandisi, kwa haraka ya kuokoa, waliondoa msimbo mpya kwenye zile seva saba nzuri, wakidhani ndio wenye kosa. Wakawa wameamsha maiti saba zaidi. Kwa dakika kama 45, oda 212 za wateja zilizaa biashara zaidi ya milioni nne. Hasara ilizidi dola milioni 460. Mwaka uliofuata tume inayosimamia masoko ya hisa Marekani iliwatoza faini ya dola milioni 12, na kabla ya hapo kampuni ilikuwa imeshaunganishwa na nyingine.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, mimi nilifuta kilicho hai nikamdhulumu mjane siku tatu. Wao waliacha kilichokufa wakapoteza kampuni. Kuacha nako ni uamuzi, na una gharama yake. Tofauti ni kwamba gharama ya kuacha haina tarehe, kwa hiyo tunajifanya haipo.

Nikarudi kwenye kosa langu na kujiuliza vizuri: lilikuwa wapi hasa? Kwanza nilidhani ni muda. Miezi mitatu ni michache, ningesubiri mwaka. Lakini hata mwaka usingetosha, jambo lenyewe lilitokea mara nne katika miaka kumi na moja. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Kimya cha jiwe la kaburi hakina maana yoyote mpaka ujue aliye chini alitarajiwa kusema mara ngapi. Fanksheni ya kila siku ikinyamaza miezi mitatu, imekufa. Fanksheni ya msiba ikinyamaza miezi mitatu, ashukuriwe Mungu, hakuna aliyekufa.

Kosa lenyewe lilikuwa kwenye lipa_kujitoa. Mnakumbuka? Grep ilisema haiitwi, jiwe likasema imeitwa mara 23. Pale nilikuwa na habari mbili zinazopingana mezani kwangu. Mojawapo ya njia zangu ilikuwa inasema uongo, na uthibitisho nilikuwa nao tangu Agosti. Nilitakiwa kusimama na kuuliza: inaitwaje, kama jina lake haliandikwi? Kama ningeuliza, ningeikuta ile call_user_func kwa nusu saa, na ningejua kwamba kila fanksheni inayoanza na lipa_ inaitwa kwa mlango huohuo. Badala yake nilifurahi kwamba nimeponea, nikatoa jina moja kwenye orodha, nikaendelea na ndugu zake. Tangu siku hiyo nikiponea kitu sifurahi kwanza. Nauliza kwanza.

Haya, nini nafanya sasa? Nitawaambia, mchukue mnachotaka.

Kwanza, kabla ya kutafuta kilichokufa, natafuta milango iliyofichika. Mahali popote ambapo jina linaungwa wakati programu inakwenda, mahali ambapo hifadhidata inataja fanksheni, kazi zinazoanzishwa na saa ya seva usiku, faili zinazosomwa na programu ya mtu mwingine. Ule mfumo wa sacco niliubadilisha. Aina zote za malipo sasa zimeandikwa katika orodha moja, kila aina na fanksheni yake kwa jina kamili, ili grep izione na binadamu azione.

Pili, fanksheni isipopatikana, mfumo usimame na kupiga kelele. Sifuri ni tarakimu yenye maana, isiwe nguo ya kuvalisha kila kisichojulikana. Keshia angeona maneno "hitilafu, piga simu Nairobi" siku ile ya Ijumaa, mama angeambiwa arudi Jumatatu, na nyumbani kwake hakuna ambaye angeitwa mwizi baada ya kuzikwa.

Tatu, nafuta kidogo kidogo. Badiliko moja, kitu kimoja, na maelezo ya kwa nini nadhani kimekufa. Nikikosea, kurudisha ni amri moja. Na ndiyo maana sina huruma na wale wanaofungia msimbo wa zamani ndani ya alama za maelezo "tusije tukauhitaji". Git inaukumbuka. Futa.

Nne, na hili ndilo kubwa, nawauliza watu. Kompyuta inaweza kuniambia nani anamwita nani. Haiwezi kuniambia kwa nini kitu kiliwekwa. Mwaka 2018 watunzaji wa Linux waliondoa msimbo wa aina nane za vichakato, karibu mistari nusu milioni, na kabla ya kuondoa waliwatafuta wahusika wa kila aina kuwauliza kama kuna anayeitumia bado. Mimi nilipanda basi kwenda Kericho nikiwa na karatasi. Ilikuwa na majina 41 ya fanksheni nilizokuwa bado nashuku, kila moja nimeieleza kwa Kiswahili cha kawaida. Nikakaa na yule mhasibu ofisini kwake, tukanywa chai. Alizipitia zote kwa muda wa saa moja. Nyingi alisema, "Hiyo tuliacha alipokuja mwenyekiti mpya." Tatu alizizungushia kalamu. Moja ilikuwa ya mwanachama anayerudi baada ya kujiondoa. Nyingine ya mkopo uliotolewa tarehe 29 Februari. Ya tatu ya akaunti ya mtoto anayefikisha miaka 18. Zote tatu grep ilisema zimekufa, na zote tatu mawe yalikuwa kimya.

Nikamuuliza, "Mama, mbona mwaka jana sikukuuliza haya?"

Akasema, "Ulikuja kweli, lakini ulikuja kuangalia kompyuta."

Nilifuta zile 38 zilizobaki kwa amani. Mpaka naiacha kampuni ile tulikuwa tumeondoa mistari zaidi ya 50,000, na hakuna simu nyingine iliyokuja. Ile lipa_mdhamini_marehemu bado ipo. Juu yake niliandika maelezo, kwa ajili ya kijana atakayekuja baada yangu na grep yake na furaha yake: "Huitwa mdhamini anapofariki kabla mkopo haujaisha. Inaweza kukaa miaka mitatu bila kuitwa. Kabla ya kuifuta, muulize mhasibu."

Nimemaliza. Kama una mfumo wa zamani mikononi mwako wiki hii, tafuta fanksheni moja tu unayoishuku, umtafute na mtu mmoja anayejua kwa nini iliwekwa. Tuonane safari ijayo.